Ganzi ya Mikono na Miguu: Wachina Wanaielezaje?



Karibu kila siku ya kliniki hapa hospitalini kwetu hupita mtu mwenye malalamiko haya: "Sista, miguu yangu imekufa ganzi." Mwingine husema anatembea kama aliyevaa soksi, kumbe yu pekupeku. Mwingine husikia sisimizi wanatambaa chini ya ngozi, au sindano zinamchoma vidole usiku kucha. Na siku hizi wapo wanaotuongezea swali jipya: "Nimekwenda kwa daktari wa Kichina mjini, akaniambia damu yangu imetuama na nguvu ya mwili imepungua. Je, ni kweli?"

Swali hilo linastahili jibu la heshima. Madaktari kutoka China si wageni kwetu. Kikosi chao cha kwanza kilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Tangu miaka ya 1990 zimefunguliwa pia kliniki binafsi za tiba ya Kichina katika Dar es Salaam na miji mingine. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tueleze jinsi tiba ya jadi ya China inavyoielewa ganzi, tuangalie inakutana wapi na yale tunayoyajua hospitalini, na mwisho tuseme wazi jambo moja ambalo mgonjwa wa ganzi asilisahau, akatibiwe popote atakapo.

Tutaanza na kisa ambacho sisi wenyewe hatujivunii.

KISA CHA MAMA MMOJA

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa makamo, mkulima, alikuja kwetu mara mbili akisema nyayo zake zina ganzi. Siku zote mbili foleni ilikuwa ndefu. Tulimwambia ni mambo ya umri, tukampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda zake. Hatukumvua viatu. Hatukumpima sukari.

Mama yule alipoona hapati nafuu alikwenda mjini kwa mtu wa tiba ya sindano. Huko aliulizwa maswali karibu nusu saa: ganzi ilianza lini, inazidi usiku au mchana, analala vipi, anakula nini, choo kikoje, ana kiu au hana. Alitazamwa ulimi, akashikwa mapigo ya damu mkono wa kulia na wa kushoto. Baadaye alituambia kwa upole, "Yule alinisikiliza." Maneno hayo yalituingia. Yaliyompata baadaye tutayaeleza mbele.

MANENO YENYEWE

Wachina huita ganzi "ma mu". Hayo ni maneno mawili yenye maana mbili, na matabibu wao huyatofautisha kwa makini.

"Ma" ni ile hali ya kusisimka. Si maumivu, si mwasho, bali ni kama wadudu wanaotembea ndani ya nyama, na hata ukibonyeza hawakomi. "Mu" ni hali nyingine. Neno hilo maana yake ni mti, au ubao. Nyama imekuwa kama ubao, kama nyama ya mtu mwingine iliyobandikwa mwilini mwako. Ukiifinya haina habari.

Tabibu mashuhuri Zhu Danxi, aliyeishi kati ya mwaka 1281 na 1358, alifundisha kuwa hali hizi mbili zina chanzo tofauti. Ile ya kusisimka hutokana na upungufu wa nguvu ya mwili. Ile ya kuwa kama ubao hutokana na uchafu mzito na damu iliyokufa ambavyo vimeziba njia. Mgonjwa anayesikia sisimizi na mgonjwa asiyesikia kitu kabisa hawapewi dawa moja.

Vitabu vya kale zaidi vina neno jingine tena. Katika Huangdi Neijing, kitabu cha msingi cha tiba ya China kilichokusanywa yapata miaka 2000 iliyopita, ganzi huitwa "bu ren". "Ren" ni utu, ile huruma ya binadamu kwa mwenzake, na "bu" ni kukanusha. Yaani kiungo chenye ganzi ni kiungo kisicho na utu. Mwanafalsafa Cheng Hao, aliyeishi kati ya mwaka 1032 na 1085, aliona matabibu wamelipata neno sahihi kabisa. Mkono uliokufa ganzi ni wa mwili uleule, lakini mwili haupati habari zake, na mtu asiyeguswa na shida ya jirani yake yu katika hali hiyohiyo. Sisi Waswahili tunalielewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa nasi husema fulani moyo wake umekufa ganzi.

MFEREJI NA CHEMCHEMI

Ili kuelewa maelezo ya Wachina, fikiri juu ya shamba linalomwagiliwa kwa mifereji. Kwa mujibu wa tiba yao, mwilini hupita vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni "chi", ambayo ni nguvu ya uhai inayosukuma, inayopasha joto na kulinda. Cha pili ni damu, inayolisha na kulainisha. Vyote viwili hupita katika njia kuu 12 na vijito vyake vingi, hadi ncha za vidole na ngozi. Chi huisukuma damu, na damu huilisha chi. Zikifika vizuri, mkono una joto, una nguvu na unahisi.

Sasa mkulima akikuta mwisho wa shamba umekauka, hujiuliza maswali mawili. Je, chemchemi imepungua maji? Au maji yapo, ila mfereji umeziba njiani? Tabibu wa Kichina anapoelezwa habari ya ganzi hujiuliza hayohayo. Vidole vya mikono na miguu ndivyo mwisho wa shamba. Ndiyo maana, wanasema, ganzi huanza huko.

AINA ZA GANZI

Kutokana na maswali hayo mawili, matabibu wa China hugawa ganzi katika mafungu. Haya ndiyo makubwa:

1. Upungufu wa chi. Ganzi ni ya kusisimka, huzidi mtu akichoka na hupungua akipumzika. Mgonjwa hana nguvu, sauti ni ndogo, hutoka jasho kwa kazi kidogo. Hapo chemchemi ni dhaifu.

2. Upungufu wa damu. Uso na midomo vimepauka, kucha hazina rangi, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Huonekana sana kwa mama aliyetoka kujifungua au anayetokwa na damu nyingi ya mwezi. Hapa pia chemchemi imepungua.

3. Upepo, baridi na unyevu kutoka nje. Mtu amenyeshewa, amelala mahali penye majimaji, au amefanya kazi ndani ya maji baridi. Viungo vinauma, vizito, na ganzi huzidi wakati wa mvua. Mfereji umeziba.

4. Unyevu na makohozi ya ndani. Wachina wanaposema makohozi hawana maana ya kikohozi tu. Wana maana ya uzito mchafu unaotokana na chakula kisichosagwa vizuri tumboni. Mgonjwa mara nyingi ni mnene, hupenda mafuta, vitamu na pombe, na ulimi wake una utando mnene.

5. Damu iliyotuama. Ganzi haihami mahali pake, huambatana na mchomo kama wa kisu, huzidi usiku, na ulimi una rangi ya zambarau. Huja baada ya kuumia au baada ya ugonjwa wa muda mrefu.

6. Upepo wa ndani unaotoka kwenye ini. Mgonjwa ana ganzi pamoja na kizunguzungu, uso mwekundu, kichwa kuuma na mikono kutetemeka. Aina hii waliiogopa kuliko zote. Lipo onyo la kale miongoni mwao kwamba mtu wa makamo anayeanza kupata ganzi katika kidole gumba na kidole cha shahada ajihadhari, kwa sababu kiharusi kiko njiani.

Kumbuka, msomaji, kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mafungu mawili au matatu kwa pamoja. Mzee aliyechoka kwa muda mrefu huishiwa chi, chi ikipungua haisukumi damu, na damu isiposukumwa hutuama. Chemchemi ikipungua sana, tope hujaa mferejini lenyewe.

NAMNA WANAVYOCHUNGUZA

Uchunguzi wao una hatua nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Hutazama uso na ulimi. Husikiliza sauti na pumzi, na kunusa harufu ya mwili. Huuliza habari za joto na baridi, jasho, chakula, kiu, choo, usingizi na hedhi. Mwisho huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha kila mkono na kupima mapigo: ni ya juu au ya ndani, yana nguvu au ni membamba, ni laini au yanakwaruza.

Hapa sisi wa hospitali tuna la kujifunza. Mashine zetu ni nzuri, lakini haziulizi maswali. Ganzi inayozidi usiku katika vidole vitatu vya mkono na ganzi ya nyayo zote mbili ni mambo mawili tofauti kabisa. Huwezi kujua tofauti hiyo bila kuuliza na kugusa.

DAWA NA SINDANO ZAO

Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3, aliacha maelekezo ya mchemsho wa vitu vitano kwa ajili ya ganzi. Vitu hivyo ni mzizi uitwao huangchi, vijiti vya mdalasini, mzizi wa ua la peoni, tangawizi, na tunda la Kichina lililo ndugu wa kunazi zetu. Alieleza kuwa ugonjwa huo huwapata hasa watu wa maisha ya raha, wenye mwili mnene na mifupa dhaifu, ambao wakifanya kazi kidogo hutoka jasho, kisha wakilala upepo mdogo tu huwaingia. Mchemsho huo hutumika hata leo.

Tabibu mwingine, Wang Qingren, alichapisha mwaka 1830 kitabu chenye mchemsho kwa ajili ya waliopooza upande mmoja. Humo huangchi ni nyingi kupita vitu vingine vyote vikijumlishwa, kwa kuwa aliamini nguvu ya kusukuma ndiyo iliyokwisha. Vilivyobaki ni vya kuamsha damu, na kimojawapo ni nyungunyungu aliyekaushwa.

Tiba ya sindano ni jambo jingine. Sindano hizi hazina dawa ndani. Ni nyembamba kama unywele mnene, na huchomwa mahali maalumu kwenye zile njia. Kwa ganzi ya vidole huchomwa katikati ya kidole na kidole, mikononi au miguuni, mahali pane kila upande. Sehemu nyingine maarufu iko chini ya goti, upana wa vidole vinne kutoka chini ya kifuniko cha goti, kwa upande wa nje. Hiyo hutumika kuongeza nguvu ya mwili mzima.

Tena wapo wanaochoma majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi ili joto liingie, na wapo wanaoumika kwa vikombe, kama wazee wetu walivyoumika kwa pembe.

HOSPITALI INASEMAJE?

Sisi hospitalini husema hisia husafirishwa na neva, yaani mishipa ya fahamu, kutoka ngozini hadi uti wa mgongo na ubongo. Ganzi maana yake ni kwamba neva imebanwa, imekosa chakula, imetiwa sumu, au imeshambuliwa na ugonjwa. Neva zilizo ndefu kuliko zote ni za miguuni, nazo ndizo huumia kwanza. Hata sisi basi tunasema shamba hukauka kuanzia mwisho, ingawa mfereji tunauita kwa jina lingine.

Vyanzo tunavyovikuta mara nyingi ni hivi:

Kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva na mishipa midogo ya damu. Wachina wa kale waliufahamu ugonjwa wa kiu kali, mkojo mwingi na kukonda, na mapema katika karne ya 7 waliandika kwamba mkojo wa mgonjwa huwa mtamu. Leo kipimo cha damu ni cha dakika chache. Aliyelala bila kula akipatikana na 7.0 au zaidi, na ikathibitishwa kwa kurudia, ana kisukari.

Ukoma. Huleta baka lililopauka au jekundu ambalo halihisi mguso. Sun Simiao, tabibu mkubwa wa China aliyefariki mwaka 682, aliandika kwa unyofu kwamba aliwatibu wagonjwa wa ukoma zaidi ya 600, na aliyepona alikuwa takribani mmoja katika kumi. Leo ukoma hupona kabisa kwa dawa mseto za miezi 6 au 12, nazo hutolewa bure. Ila neva iliyokwisha kufa hairudi. Ndiyo sababu tunasisitiza kuwahi.

Upungufu wa vitamini. Vitamini B1 hupungua kwa walevi na kwa wanaoishi kwa wali mweupe peke yake. B12 hupungua kwa wasiopata nyama, maziwa wala mayai, na kwa baadhi ya wazee. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi nayo huweza kupunguza B6, kwa hiyo usiiache, bali tuambie tukupe vitamini hiyo.

Neva kubanwa. Mwanamke mjamzito, mshonaji, mkamuaji wa ng'ombe au anayefua sana huamka usiku akikung'uta mkono kwa ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati. Neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Mwingine hubanwa mgongoni au shingoni.

Virusi vya UKIMWI navyo huumiza neva, na hata baadhi ya dawa za zamani za kuvipunguza makali zilileta ganzi. Anayetumia dawa na kuona dalili hii aseme kliniki.

Ukiyalinganisha haya na yale mafungu sita, utaona Wachina wa kale walikuwa na macho. Mama aliyepauka baada ya kujifungua, mnene apendaye vitamu na pombe, mwenye uso mwekundu na kizunguzungu: hata sisi tungewaita mbele. Wa kwanza tungempima wingi wa damu, wa pili sukari, wa tatu presha. Lakini ulimi hauwezi kutaja kiasi cha sukari, wala mapigo ya mkono hayawezi kuonyesha vijidudu vya ukoma. Hapo macho peke yake hayatoshi.

Je, sindano husaidia? Wagonjwa wengine husema wamepata nafuu, na yapo majaribio yaliyoonyesha unafuu. Lakini mengi ni madogo na hayajatosha kuthibitisha. Hatudharau tiba ya kale. Dawa mseto ya malaria tunayoitumia ina asili yake katika mmea wa Kichina, na Bibi Tu Youyou aliyeichunguza alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ilichunguzwa na kupimwa kwanza. Hiyo ndiyo tofauti.

HATARI TATU

Ya kwanza ni moto. Sasa turudi kwa mama yetu. Baada ya wiki kadhaa alichomewa majani yale karibu na kidole gumba cha mguu. Mtu mwenye hisia angesema, "Inatosha, inaunguza." Yeye hakuwa na hisia. Alisikia harufu ya ngozi yake kabla ya kusikia moto. Alikaa na kidonda siku kumi na mbili kwa kuwa hakikumuuma. Alipotufikia mara ya tatu, sukari yake ilikuwa 19, na vidole viwili vilikatwa. Kosa la aliyeunguza lipo, lakini la kwanza lilikuwa letu, kwa kuwa tulimwona mara mbili na hatukumpima. Tangu siku ile, hapa kwetu hakuna mwenye ganzi anayeondoka bila kuvua viatu na kupimwa sukari.

Ya pili ni sumu. Katika dawa za Kichina za maumivu na ganzi mna mzizi wa akoniti. Ukiandaliwa vibaya au ukizidi kipimo, dalili yake ya kwanza ni ganzi ya midomo na ulimi, kisha mikono na miguu, halafu moyo hupiga ovyo na mtu aweza kufa. Dawa ya ganzi ikikuongezea ganzi, acha mara moja ukimbilie hospitali na pakiti yake mkononi. Pia zipo dawa zinazouzwa kwa jina la mitishamba kumbe zimechanganywa na vidonge vya hospitali kwa siri. Mwaka 2008 nchini Singapore watu wasio na kisukari walilazwa kwa sababu dawa za nguvu za kiume walizonunua kinyemela zilikuwa na kidonge cha kushusha sukari, na wanne walifariki.

Ya tatu ni sindano chafu na mtu asiye na idhini. Sindano itoke katika pakiti yake mbele ya macho yako na itupwe baada ya kutumika. Kwa sheria ya mwaka 2002, anayetoa tiba ya namna hii Tanzania anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona cheti. Na umweleze dawa zote unazotumia, hasa za kisukari, za presha na za kuzuia damu isigande. Mama mjamzito aseme kuwa ni mjamzito, kwani hata Wachina wenyewe hukataza sehemu fulani kuchomwa wakati huo.

GANZI ISIYONGOJA KESHO

Usiende kwa sindano wala kungoja siku ya kliniki, bali kimbia hospitali ukiona haya:

- Ganzi ya ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo kwenda upande, au ulimi kuwa mzito. Hata ikipita baada ya dakika chache, njoo. Dalili ya mvua ni mawingu.
- Ganzi na udhaifu vinavyopanda kutoka miguuni kwenda juu kwa muda wa saa au siku chache.
- Ganzi ya miguu au ya sehemu za siri pamoja na maumivu ya mgongo, au mkojo na choo kutoka bila kujua au kukataa kutoka.
- Ganzi baada ya kuanguka au ajali.
- Mguu wenye ganzi uliopata kidonda, uvimbe au weusi.

NYUMBANI

Mguu usiohisi hauwezi kujilinda. Lazima ulindwe na macho. Kila jioni tazama nyayo zako na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri au asiyeweza kuinama amwite mtoto au mjukuu amtazamie. Osha kwa maji ya vuguvugu, na maji hayo apime mtu mwenye hisia nzuri, si wewe. Kausha katikati ya vidole. Paka mafuta kwenye magaga, usiyakate kwa wembe. Usitembee pekupeku hata uani. Kandambili isikatishe tamaa asiye na fedha, ila viatu vilivyofunika vidole ni bora. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kwani tumewahi kukuta msumari ndani ya kiatu ambao mwenyewe alitembea nao siku nzima. Usiote moto kwa kunyosha miguu karibu na jiko. Usilale na chupa ya maji ya moto.

Basi ndugu zetu, hatumkatazi mtu kwenda kwa tabibu wa Kichina mwenye cheti na sindano safi. Tunachoomba ni mpangilio: kwanza upimwe sukari, presha, damu na ngozi yako, ijulikane chemchemi imekauka au mfereji umeziba, na kwa sababu gani. Kisha ukipenda sindano, nenda ukijua, huku ukiendelea na dawa zako. Lakini moto usikaribie kiungo kisichohisi.

Na ninyi vijana mlio na wazee nyumbani, msisubiri walalamike. Mguu wenye ganzi haulalamiki, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Jioni ya leo, kabla bibi hajalala, leta taa, mvue viatu, utazame nyayo zake. Ukiona kidonda asichokijua, mlete kwetu asubuhi. Safari hii tutamvua viatu na kumsikiliza.